Colin Chapman: kijana aliyeanza na gari kuukuu lililokosa mnunuzi

Mwezi wa kumi mwaka wa 1947, serikali ya Uingereza ilifuta mgao wa mafuta ambao kila mwenye gari la binafsi alikuwa akiupata. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka miwili kabla, lakini hazina ya nchi ilikuwa tupu, na kila lita iliyotoka ng'ambo ilihesabiwa. Kwa familia nyingi huo ulikuwa usumbufu. Kwa mwanafunzi mmoja wa London mwenye umri wa miaka 19, ulikuwa mwisho wa biashara yake.

Jina lake lilikuwa Anthony Colin Bruce Chapman. Alisomea uhandisi katika University College London, na pembeni ya masomo aliuza magari yaliyokwisha tumika, yale tunayoyaita ya okazioni, pamoja na rafiki yake mmoja. Miaka ile barabara ya Warren Street, iliyo karibu na chuo hicho, ilikuwa soko la magari ya namna hiyo. Wachuuzi waliyapanga kando ya njia, na mwenye jicho zuri aliweza kununua asubuhi na kuuza kabla ya wiki kwisha.

Mafuta yalipokatwa, bei zilianguka kwa siku chache. Chapman aliuza magari yake kwa hasara, na faida aliyoikusanya ikayeyuka. Likabaki moja tu ambalo hakuna aliyelitaka: Austin 7 iliyochakaa, ambayo umri wake ulikaribia umri wake mwenyewe. Leo jina la Chapman limeandikwa katika historia ya Formula 1 kwa sababu ya gari hilo. Badala ya kulitupa, aliamua kulivua kila kitu na kuanza upya.

Banda la nyuma ya nyumba

Chapman alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano mwaka wa 1928 huko Richmond, kando ya London. Baba yake aliendesha hoteli ndogo na baa katika mtaa wa Hornsey, kaskazini mwa jiji. Haikuwa familia maskini, lakini haikuwa na pesa za kumnunulia kijana gari la michezo. Magari hayo yalikuwa ya watoto wa matajiri.

Austin 7 ilikuwa kinyume chake. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1922, na hadi vita vilipoanza mwaka wa 1939 zilikuwa zimetengenezwa karibu laki tatu. Injini yake haikufika hata sentimita za ujazo 750. Ilikuwa gari la mwalimu wa shule na karani wa posta. Lakini kwa mtu asiye na pesa ilikuwa na sifa mbili kubwa: vipuri vyake vilipatikana kila mahali, na mtu mwenye vifaa vichache vya mkononi aliweza kuifungua na kuifunga tena.

Chapman aliisukuma hadi kwenye banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Aliondoa bodi ya zamani, akaimarisha shasi, kisha akatengeneza bodi mpya kwa mbao nyembamba zilizofunikwa na alumini. Mbinu hiyo aliitoa kwenye masomo yake na kwenye ndege, kwa maana alijifunza urubani akiwa chuoni. Ndege humfundisha mtu jambo moja haraka: kila kilo isiyo na kazi ni adui.

Gari hilo lilimalizika mwaka wa 1948. Chapman na Hazel waliliingiza katika mashindano ya kupanda vilima vya matope, mchezo uliopendwa na Waingereza wenye kipato kidogo, na wakarudi na zawadi. Alilipa jina la Lotus. Kwa nini Lotus? Hakuwahi kueleza hadharani, na hadi leo kila mtu ana hadithi yake.

Kusoma sheria kwa jicho la pili

Baada ya chuo Chapman alikaa kidogo katika jeshi la anga, akakataa kubaki, kisha akaajiriwa na kampuni ya British Aluminium. Mchana aliwaelezea wajenzi namna ya kutumia alumini katika majengo. Usiku na siku za mapumziko alikuwa bandani.

Mwaka wa 1951 alijenga gari la tatu, kwa ajili ya mashindano ya klabu ambayo kila mshiriki alilazimika kutumia injini ya Austin 7. Lengo la sheria lilikuwa kuwapa watu wa kawaida nafasi ya kushindana bila kumwaga pesa. Injini hiyo ilivuta hewa na mafuta kupitia matundu mawili tu kwa silinda nne, na kila mtu aliamini kwamba hapo ndipo mwisho wa nguvu zake. Chapman alisoma sheria mstari kwa mstari, akaona kwamba hakuna panapokataza kuyagawa matundu hayo kwa ndani. Akayagawa. Gari lake likawaacha wengine mbali kiasi kwamba baada ya msimu klabu ilibadilisha sheria ili kuizuia mbinu hiyo.

Tabia hiyo haikumwacha maisha yake yote. Kwake sheria iliandikwa ili isomwe vizuri zaidi kuliko alivyoisoma aliyeiandika. Ilimletea ushindi mwingi, na mwishoni mwa maisha yake ilikuja kumletea aibu.

Gari ndani ya masanduku

Tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1952 alianzisha kampuni ya Lotus Engineering katika zizi la zamani la farasi, nyuma ya hoteli ya baba yake. Mtaji ulikuwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel. Walioana mwaka wa 1954, na Chapman aliendelea na kazi ya mshahara hadi mwanzoni mwa mwaka wa 1955, kwa sababu kampuni haikuweza kumlisha.

Bidhaa yake ya kwanza ya kweli, Mark VI, ililenga watu waliokuwa kama yeye: wanaopenda gari la kasi lakini mfuko hauruhusu. Lotus ilimuuzia mteja mifupa ya gari, yaani shasi ya mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa hesabu za mhandisi, pamoja na mabati ya alumini ya kuifunika. Vingine mteja alijitafutia. Alinunua Ford ya zamani, mara nyingi iliyogongwa au iliyooza bodi, akaitoa injini, gia na mhimili wa nyuma, akavifunga kwenye mifupa ile. Gari lililokuwa linangoja kuuzwa kama vyuma chakavu likazaliwa upya kama gari la michezo.

Mwaka wa 1957 ikafuata Lotus 7. Haikuwa na milango, wala kifaa cha kupasha joto, wala kitu chochote cha kumpendeza anayetaka starehe. Injini yake ya kwanza ya Ford ilikuwa na nguvu za farasi 40 hivi, nguvu ambazo zingemchekesha mwenye Jaguar. Lakini gari zima lilikuwa na uzito wa takriban kilo 500. Piga hesabu: kila farasi mmoja alivuta kilo 12 na nusu. Gari la kifahari la kilo 1,500 lilihitaji farasi 120 ili kulingana nayo, na hata hapo lingebaki nyuma kwenye kona, kwa sababu uzito hausumbui injini peke yake. Unachosha breki, unakula matairi na kunywa mafuta.

Bei ilikuwa siri nyingine. Gari lililokamilika lilitozwa kodi kubwa ya ununuzi, na Lotus 7 nzima iligharimu pauni 1,036. Mteja aliyeichukua ikiwa vipande ndani ya masanduku hakulipa kodi hiyo, kwa hiyo alitoa pauni 536 na kuifunga mwenyewe nyumbani. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza kuambatanisha maelezo ya namna ya kuunganisha gari, basi Lotus ikatoa maelezo ya namna ya kulifungua, na mteja akayafuata kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Kama hadithi hiyo imetiwa chumvi, inafanana kabisa na mtu mwenyewe.

Si kila jaribio lilifaulu. Elite, iliyooneshwa London mwaka huohuo, ilikuwa na bodi na mifupa ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, bila shasi ya chuma. Lilikuwa gari zuri kuliko mengi ya wakati wake, lakini kampuni ilipata hasara kwa kila lililouzwa. Aliyeokoa hesabu alikuwa Elan ya mwaka wa 1962. Chini yake palikuwa na uti mmoja wa chuma, juu bodi nyepesi ya nyuzi za kioo, na uzito wake haukufika kilo 700. Hadi leo mafundi huitaja wanapozungumzia gari dogo linalotii usukani.

Mataji na makaburi

Kufikia hapo Lotus ilikuwa imeshaingia Formula 1. Mwaka wa 1962 Chapman alileta Lotus 25. Aliondoa mifupa ya mabomba na kufanya bodi yenyewe iwe sanduku gumu linalobeba kila kitu, kama mwili wa ndege. Gari likawa jepesi na gumu zaidi kwa wakati mmoja, na wapinzani wake wakalazimika kufuata njia hiyo.

Aliyeliendesha alikuwa Jim Clark, mtoto wa mkulima wa Scotland, mtaratibu wa maneno na mwepesi barabarani. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1963 na tena mwaka wa 1965, mwaka ambao pia alishinda mbio za Indianapolis huko Marekani akiwa na Lotus. Ushindi wake wa mwisho wa Formula 1 ulipatikana Afrika, katika uwanja wa Kyalami huko Afrika Kusini, tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1968. Chini ya Chapman timu ya Lotus ilipata ubingwa wa watengenezaji mara saba, na madereva wake watano walikuwa mabingwa wa dunia: Clark, Graham Hill, Jochen Rindt, Emerson Fittipaldi na Mario Andretti. Gari lake liliposhinda, Chapman alirukia kando ya njia na kuirusha kofia yake nyeusi hewani.

Lakini wepesi una upande wa pili. Anayeondoa kila kisichohitajika lazima ajue vizuri mpaka uko wapi, na mara kadhaa Chapman aliuvuka. Mwaka wa 1960, katika mazoezi ya Spa huko Ubelgiji, Lotus ya Stirling Moss ilipoteza gurudumu na dereva huyo akavunjika miguu. Siku hiyohiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika. Taylor alinusurika, akaishitaki kampuni mahakamani na akashinda. Wakati ule tayari palikuwa na utani kati ya madereva kwamba gurudumu likikupita njiani, basi wewe unaendesha Lotus.

Tarehe 7 mwezi wa nne mwaka wa 1968, Clark alifariki huko Hockenheim, Ujerumani, gari lake lilipotoka njiani na kugonga mti. Wengi wanaamini kwamba tairi lilipoteza upepo. Chapman alimpoteza rafiki yake wa karibu kuliko wote, na waliomjua walisema kwamba tangu hapo aliogopa kumzoea dereva mwingine.

Mwaka uliofuata, huko Barcelona, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mbio moja. Rindt alijeruhiwa. Alimwandikia Chapman barua, akimweleza kwamba hana imani tena na magari yake, na kwamba kilo chache zikiongezwa kwenye sehemu dhaifu bado yangekuwa na kasi ya kutosha. Tarehe 5 mwezi wa tisa mwaka wa 1970, katika mazoezi ya Monza, Italia, mhimili wa breki ya mbele ya Lotus 72 yake ulikatika. Gari lilirukia kizuizi ambacho nacho hakikuwekwa vizuri, na Rindt akafariki. Alama alizokuwa amekusanya hazikufikiwa na mtu, hivyo akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Hajatokea mwingine hadi leo.

Chapman hakuwa mtu asiyejali maisha, na katika miaka ile madereva wa timu nyingine pia walikufa. Hata hivyo barua ya Rindt inabaki kama swali juu ya kazi yake yote: kilo ulizoziondoa, nani alikuwa akizihitaji?

Kutoka banda hadi utajiri

Kampuni ilikua. Mwaka wa 1966 ilihamia Hethel, katika mkoa wa Norfolk, kwenye uwanja wa ndege uliotumika wakati wa vita. Mwaka wa 1968 hisa zake ziliuzwa kwa umma na Chapman akawa tajiri. Mwaka huohuo magari yake ya mbio yalipakwa rangi za kampuni ya sigara, jambo lililobadilisha kabisa namna mchezo huo unavyolipiwa.

Kisha akawapa kisogo wateja wake wa kwanza. Mwaka wa 1973 Uingereza ilianzisha kodi mpya iliyofuta faida ya kununua gari ndani ya masanduku. Chapman aliuza haki za Lotus 7 kwa kampuni ya Caterham, iliyokuwa ikiyauza magari hayo, na yeye akageukia magari ya kifahari ya bei kubwa, kama Esprit. Sinema ya James Bond ya mwaka wa 1977 iliitangaza Esprit duniani kote. Lakini matajiri wana magari mengi ya kuchagua, na uchumi ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980, mauzo ya Lotus yalianguka. Caterham, kwa upande wake, iliendelea kuunda gari lile dogo lisilo na milango, na bado inaliunda.

Fedha zilizopotea

Mwaka wa 1978 Chapman alikubali kumsaidia John DeLorean, Mmarekani aliyetaka kujenga gari la michezo la bati lisiloshika kutu katika kiwanda kipya huko Ireland ya Kaskazini. Serikali ya Uingereza ilitoa mamilioni ya fedha, ikitumaini ajira kwa vijana wa eneo lililokuwa likiungua kwa vurugu. Dola zaidi ya milioni 17 kati ya zile zilizotengwa kwa kazi ya Lotus zilipitia kampuni iliyoandikishwa Panama na hazikufika zilikotakiwa kufika.

Mwaka wa 1982 kiwanda kilianguka na wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wachunguzi walikuwa bado wanafuatilia fedha hizo wakati Chapman alipofariki kwa mshituko wa moyo nyumbani kwake Norfolk, tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1982. Alikuwa na miaka 54. Miaka kumi baadaye mkurugenzi wake wa fedha, Fred Bushell, alifungwa gerezani kwa ajili ya njama hiyo, na jaji alieleza kwamba kama Chapman angekuwa hai, angepewa kifungo kisichopungua miaka kumi. Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mahakamani kujibu.

Alichotuachia

Maisha ya Chapman yana funzo la wazi kwa yeyote anayetafuta gari la okazioni la kumfurahisha huku pesa zikiwa chache. Furaha ya kuendesha hailingani na ukubwa wa injini wala ngozi ya viti. Gari dogo na jepesi, lenye vipuri vinavyopatikana na ambalo fundi wa mtaani anaweza kulifungua, humpa mwenyewe raha kwa miaka. Gari kubwa la kifahari linalouzwa kwa bei ya kutupa huendelea kudai breki, matairi na vipuri vya bei ileile ya siku lilipokuwa jipya.

Funzo la pili ni la tahadhari. Wanunuzi wa Elan za zamani wanajua kwamba bodi ya nyuzi za kioo haili kutu na huweza kung'aa miaka yote, huku uti wa chuma uliofichwa chini yake ukioza polepole. Mwenye busara hadanganywi na rangi. Hulala chini ya gari kwanza, akatazama kinachobeba uzito, kisha ndipo azungumze bei.

Na ile Austin 7 iliyokosa mnunuzi? Chapman aliitangaza gazetini mwaka wa 1950, safari hii ikiwa Lotus ya kwanza, na mnunuzi akapatikana. Tangu hapo haijulikani iliko. Mwaka wa 2018, ilipotimia miaka 70 tangu gari hilo limalizike, Lotus iliwaomba watu wachungulie tena kwenye magaraji na mabanda yao ya zamani. Hadi sasa inatafutwa.